Upepo wa nyuma na maji ya chumvi

SWALI: Mhariri, marehemu babu yetu alikuwa mchochea moto katika meli za makaa ya mawe zilizopita Bahari ya Shamu. Alitusimulia kwamba upepo wa nyuma, ambao nahodha wa jahazi huuomba, wao waliuogopa kuliko dhoruba, na kwamba walipewa maji ya kunywa yaliyotiwa chumvi. Je, ni kweli? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Alichowasimulia ni kweli. Chumba cha boila, yaani tangi la kuchemshia maji yaliyotoa mvuke wa kuendesha meli, kilikuwa chini kabisa ya meli, na hewa yake ilishuka kwa mabomba mapana yaliyosimama sitahani, midomo ikielekezwa upepo unakotoka. Meli inapokwenda kwa mwendo uleule wa upepo unaoifuata, hewa ya sitahani hutulia tuli, hakuna kinachoshuka, na joto la chini, ambalo hata siku nzuri lilipita nyuzi 40, huzidi kupanda. Ndiyo maana baadhi ya manahodha walilazimika kuigeuza meli kwa muda ikabili upepo, ili watu wa chini wapate kupumua.

Zamu ilidumu saa 4, kisha mapumziko ya saa 8, usiku na mchana. Mchochea moto alirusha makaa kwa beleshi hadi ndani kabisa ya tanuri, akachokonoa moto kwa chuma kirefu, kisha akavuta nje mabonge ya taka iliyoyeyuka na kugandana, akayamwagia maji, na mvuke wake wenye kukaba koo ukamrudia usoni. Mwenzake aliyemletea makaa kutoka ghalani aliweza kuporomokewa na lundo gizani meli ikiyumba.

Ama chumvi, hiyo hutoka pamoja na jasho. Aliyefidia jasho kwa maji matupu alikamatwa na mikazo mikali ya misuli ya tumbo na miguu, maradhi yaliyojulikana sana kwa watu wa kazi hiyo. Mwaka 1923, mtafiti K. Neville Moss alieleza chanzo chake alipowachunguza wachimba makaa wa Uingereza, na dawa ikawa chumvi kidogo ndani ya maji.

Linaloniuma ni dai la wenye meli kwamba Wahindi na Waafrika, wakiwemo mabaharia wa Zanzibar walioitwa Sidi, waliumbwa kustahimili joto hilo. Walidai hivyo huku wakiwalipa ujira mdogo kuliko Wazungu. Mwili wa mtu yeyote huzoea joto kidogo kidogo, na wa mtu yeyote hushindwa likizidi. Hata mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 1921, uliokataza walio chini ya miaka 18 kufanya kazi hii, uliruhusu vijana wa miaka 16, wakishapimwa na daktari, katika meli za biashara ya pwani za India na Japani.