Jibu: Ndege imefutwa, nichukue vocha? Na hoteli je?

Ndugu, umeuliza kama upokee vocha ya shirika la ndege, na hoteli uliyolipia kivyake itakuwaje. Vocha iache kwanza. Ukishaikubali, kudai fedha baadaye ni kazi. Waliofuta safari ni wao. Kwa ndege zinazoondokea nchi za Umoja wa Ulaya, Kanuni ya 261 ya mwaka 2004 inawapa siku 7 kurudisha nauli, hata kama sababu ni hali mbaya ya hewa. (Hali ya hewa huwaondolea fidia ya ziada tu, si nauli. Hapo ndipo watu huzungushwa.)

Hoteli ndiyo ngumu. Ungenunua vyote kwa kifurushi kimoja, kwa kawaida aliyekuuzia angebeba mzigo. Sasa chumba kipo, wewe ndiye hufiki. Waandikie leo uombe kusogeza tarehe. Hilo hukubalika kirahisi kuliko kurudisha pesa. Wakigoma, geukia bima ya safari, ukiambatanisha barua ya shirika inayotaja sababu ya kufutwa. Barua hiyo iombe sasa hivi, kabla kesi yako haijafungwa kwao.