Kichujio kinachobadili kurasa kijue kwanza cha kuacha

Nikiletewa kichujio kinachobadili kurasa za tovuti ili nikikague, sianzi na mistari inayobadili. Natafuta kwanza ile inayosema: jibu hili liache lilivyo. Isipokuwepo, namrudishia mwenyewe, hata kama ukurasa wa mbele unapendeza kwenye kivinjari.

Kazi ya kichujio ni kukaa njiani. Ombi hukipitia likielekea kwenye programu, na jibu hukipitia likirudi. Wa Java wamekuwa nacho tangu Servlet 2.3 (kiwango cha Java cha programu za tovuti), mwaka 2001. Wa Django, mfumo wa Python wa kujenga tovuti, hukiita middleware na hukiorodhesha kwenye MIDDLEWARE. Kinafaa sana pale unapotaka kuongeza kitu, tuseme tangazo la matengenezo, kwenye kurasa zinazotoka katika programu kadhaa ambazo violezo vyake (template za kurasa) si vyako. Kama kiolezo cha msingi ni chako na ni kimoja, weka tangazo humo na uachane na kichujio kabisa.

Tatizo ni kwamba kichujio hakipitiwi na kurasa peke yake. Picha hupita hapo hapo, na PDF, na JSON (data za programu), na mafaili makubwa yanayotumwa vipande vipande. Kwa hiyo katika Django mimi huandika hivi:

```
ALAMA = b'<div id="tangazo">'

def __call__(self, request):
    jibu = self.get_response(request)
    if jibu.streaming or jibu.has_header("Content-Encoding"):
        return jibu
    if not jibu.get("Content-Type", "").startswith("text/html"):
        return jibu
    mwili = jibu.content
    mwisho = mwili.rfind(b"</body>")
    if mwisho == -1 or ALAMA in mwili:
        return jibu
    jibu.content = mwili[:mwisho] + self.tangazo + mwili[mwisho:]
    if jibu.has_header("Content-Length"):
        jibu["Content-Length"] = str(len(jibu.content))
    return jibu
```

Hapo `self.tangazo` ni baiti zinazoanza na hiyo ALAMA. Ona kwamba sehemu kubwa ya msimbo ni kukataa, na kubadili kwenyewe ni mstari mmoja tu. Nimetumia `rfind` kwa sababu maneno `</body>` yanaweza kuwa yametajwa mapema ndani ya skripti, na ninayoyataka ni yale ya mwisho. Content-Length, yaani urefu wa jibu, nayo huhesabiwa kwa baiti, si kwa herufi. Alama ya € peke yake ni baiti tatu katika UTF-8. Maandishi yetu ya Kiswahili karibu yote ni baiti moja kwa herufi, kwa hiyo ukijaribu kwa Kiswahili tu, hesabu ya herufi itaonekana sahihi, kisha siku ukurasa wenye € ukipita, kivinjari kitaukata mwishoni.

Mpangilio ndipo watu wengi wanapopotea. Katika Django ombi hushuka kwenye orodha, na jibu hupanda. Aliye juu ndiye wa mwisho kuligusa jibu. GZipMiddleware, inayobana majibu, basi ikae juu ya kichujio chako, ama sivyo utapokea baiti zilizokwisha kubanwa, na hakuna `</body>` utakayoiona humo. ConditionalGetMiddleware nayo iwe juu yako. Ikiwa chini, ETag (alama inayotambulisha toleo la ukurasa) itakokotolewa kabla ya tangazo kuingia. Ukibadilisha tangazo, ETag itabaki ile ile, kivinjari kitajibiwa 304, yaani “haijabadilika”, na msomaji ataendelea kuona la zamani.

Sasa hifadhi ya muda (cache). Ukitumia ya tovuti nzima, UpdateCacheMiddleware hukaa juu kabisa na FetchFromCacheMiddleware chini kabisa, nawe uko katikati. Ukurasa unahifadhiwa ukiwa tayari na tangazo. Ombi linalofuata linachukua nakala hiyo kutoka chini, na nakala inapanda kupitia kichujio chako tena. Bila sharti la `ALAMA in mwili`, msomaji ataona matangazo mawili. Sharti hilo linazuia kurudia, lakini haliwezi kubadilisha maneno yaliyokwisha kuhifadhiwa. Ukibadilisha tangazo, futa hifadhi.

Kwa Java masharti ni hayo hayo, ila kazi ni zaidi kidogo. Lazima umpitishie `doFilter` jibu lililofunikwa kwa HttpServletResponseWrapper, na ufunike `getWriter` na `getOutputStream` zote mbili, kwani hujui ukurasa utaandika kwa ipi. Funika pia `setContentLength`, na kuanzia Servlet 3.1 `setContentLengthLong`, programu isije ikatangaza urefu wa zamani kabla hujaongeza chako.

Jambo jingine: kama unachoongeza ni skripti na tovuti ina Content-Security-Policy kali (kanuni inayokiambia kivinjari skripti zipi zinaruhusiwa), kivinjari kitaikataa kimya kimya machoni pa msomaji. Tafuta kosa kwenye konsoli ya kivinjari.

Majaribio yangu huwa machache ila hayakosi. Omba ukurasa ule ule mara mbili mfululizo ukiwa na hifadhi ya muda, uhesabu ALAMA. Pakua PDF kupitia kichujio na bila kichujio, ulinganishe baiti kwa baiti. Mwisho omba ukurasa ukiwa na `Accept-Encoding: gzip`, ufumue, uone kama tangazo limo.