Namba za wateja zisipewe watu wa bima

Ndugu, umeuliza kama kampuni yenu ya mikopo hapa Nairobi inaweza kuwapa washirika wa bima namba za wateja, maadamu majina yamefutwa na fundi amezigeuza namba kuwa msimbo (hash), yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaotolewa na kanuni fulani ya kompyuta. Msiwape.

Msimbo huo haufichi kitu. Namba ya simu ya mkononi ya Kenya ina tarakimu 9 baada ya 254, ya kwanza ikiwa 7 au 1. Basi namba zote zinazowezekana hazizidi milioni 200. Kompyuta ya kawaida huzipitisha zote kwenye kanuni ileile kwa dakika chache, ikalinganisha majibu, na kila mteja akajulikana.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inataka data itumike kwa kazi iliyokusanyiwa. Aliyeandika namba yake apate mkopo hakuomba kupigiwa na bima. Kisanduku mlichokitia tiki kwa niaba yake si ridhaa.

Mkiutaka ushirika huo, tumeni ujumbe nyinyi wenyewe, kwa waliokubali tu, na muweke njia rahisi ya kujitoa. Anayevutiwa atawatafuta watu wa bima mwenyewe.

Kisha kagueni nani ana faili ya namba hizo. Mara nyingi nakala ya Excel imebaki kwenye simu ya afisa aliyekwisha kuacha kazi. Kila mfanyakazi aingie kwa nywila yake, ili ijulikane nani amepakua nini. Data ikivuja na wateja wakawa hatarini, mna saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Mteue leo atakayeandika taarifa hiyo, na asiwe fundi peke yake.