Vikanyagio vya zege na upepo wa Dodoma

Vikanyagio vyangu vya kwanza, yaani vibamba vya zege vya kukanyagia njiani, nilivimwaga mwezi wa Oktoba hapa Nkuhungu, Dodoma, vinane kwa siku moja. Jua kali, upepo unavuma tangu asubuhi. Nikafurahi kwamba vitakauka upesi. Siku ya nne mama akakanyaga cha pili kutoka mlangoni, kikakatika vipande viwili. Kingo za vile vingine ukizisugua kwa kidole zilitoa unga.

Vipimo vilikuwa sawa. Kilichokosekana ni maji. Zege haliwi gumu kwa kukauka. Saruji hushikana na maji ndipo ikagandamana, na kazi hiyo huchukua siku nyingi. Upepo wetu wa kiangazi huyanyonya maji hayo mapema mno. Siku hizi namwaga jioni, kivulini, na papo hapo nafunika kwa nailoni. Kesho yake nikishavitoa kwenye kalibu, navifunika kwa magunia yaliyolowa na kuyamwagia maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Najua maji ni shida. Mimi hutumia yale ya kuoshea mboga.

Kwa kalibu, beseni la plastiki la upana wa sentimita 40 latosha, ukilipaka mafuta ya kula. Changanya ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 3 za kokoto ndogo. Mchanga wa korongoni uujaribu kwanza: tia kiasi kwenye chupa ya maji, tikisa, acha utulie. Ukiona tabaka nene la tope juu, usiutumie. Unene uwe sentimita 5. Kimoja hukaribia kilo 15, basi kibebeni wawili. Na vaa glavu, saruji mbichi inaunguza ngozi.

Pambo ninalolipenda ni jani la mzabibu, nasi huku hatuna uhaba wake. Juu ya zege paka tabaka jembamba la saruji na mchanga uliochekechwa. Subiri lisiwe la majimaji tena, ulaze jani, upande wenye mishipa ukitazama chini, kisha ulikandamize kwa kubingirisha chupa. Usilibandue siku hiyo. Libandue kesho yake, polepole, ukianzia kwenye kikonyo: utaona hadi vimishipa vidogo kabisa.

Wakati wa kuvipanga, chimba kidogo na utandike mchanga ili visicheze. Umbali kati ya kimoja na kingine niliupima kwa hatua za mama, si zangu.