Mbwa mwitu hakumla Yusufu: maswali yenu na majibu

Ndugu mwandishi, mbwa mwitu wa kwenye Biblia ndiye huyu tunayemwona Selous? (Msomaji, Morogoro)

Siye. Wa Selous ana mabaka ya rangi tatu, masikio mapana ya mviringo na vidole vinne kila mguu. Yule wa Mathayo 7:15, anayekuja amevaa mavazi ya kondoo, ni mnyama wa kijivu wa nchi za kaskazini, ambaye ukoo wake ndio uliotupatia mbwa wa nyumbani. Kiswahili hakikuwa na jina lake, basi wafasiri wakamvika jina la jirani. Nikisema mbwa mwitu hapa chini, nina maana ya huyo wa kijivu.

Assalaam aleikum. Katika kisa cha Nabii Yusufu, ndugu zake walimsingizia mbwa mwitu. Waarabu wenyewe wanamwonaje? (Msomaji, Zanzibar)

Waaleikum salaam. Waarabu wana msemo wa mtu aliyesingiziwa: hana hatia, kama mbwa mwitu asivyo na hatia ya damu ya mwana wa Yaakubu. Kanzu ililetwa na damu ya uongo, mnyama hata hakuwepo. Ila kumbuka mzee Yaakubu alikuwa ametangulia kusema anaogopa kijana asije akaliwa, na hiyo ni hofu ya mfugaji anayeyajua malisho yake.

Hali ndiyo hiyo mpaka leo. Mbedui humwita mwanawe Dhiab, jina linalotokana na mbwa mwitu, kwa kumtakia ushujaa. Akimkuta mnyama mwenyewe kwenye zizi la mbuzi, humpiga risasi, na huko Saudia mizoga yake imewahi kuonekana ikining'inia mitini. Wamongolia nao hivyo hivyo: kitabu chao cha kale cha ukoo wa Genghis Khan kinaanza na Borte Chino, mbwa mwitu wa kijivu, kuwa babu yao, na wachungaji wao bado wanamwinda. Mimi siuoni unafiki hapo. Adui anaweza kuheshimiwa.

Mbona kwa Wazungu kila hadithi mbwa mwitu ni shetani? (Msomaji, Mwanza)

Si kila hadithi. Warumi walijisifu kwamba Romulus, mwasisi wa mji wao, alinyonyeshwa na mbwa mwitu jike pamoja na pacha wake Remus. Lakini vijiji vya wafugaji vilikuwa na sababu zao. Huko Gévaudan, kusini mwa Ufaransa, kati ya 1764 na 1767 watu wapatao mia waliuawa, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wakichunga, mpaka mfalme Louis XV akatuma wawindaji wake. Juu ya hayo weka kichaa cha mbwa, ambacho hakikuwa na dawa wala chanjo.

Wewe wa Mwanza utaelewa upesi: kwenu mchawi hupanda fisi usiku, kwao mchawi aligeuka mbwa mwitu, na watu walishtakiwa mahakamani kwa hilo. Siku hizi hatari ni ndogo mno. Watafiti wa Norway walihesabu vifo 26 dunia nzima tangu 2002 hadi 2020, na zaidi ya nusu vilitokana na kichaa.

Kuna jamii iliyompenda kweli? (Msomaji, Mombasa)

Japani, na sababu yake ni ya shambani kabisa. Mkulima wa milimani hakuwa na kondoo wa kuliwa; adui zake walikuwa nguruwe mwitu na paa waliomaliza mazao. Aliyewala hao alikuwa askari wake wa bure. Katika hekalu la Mitsumine, mkoa wa Saitama, mlangoni zipo sanamu za mbwa mwitu, na waumini huondoka na karatasi yenye picha yake ili kukinga nyumba na moto na wezi.

Kisha 1732 kichaa cha mbwa kikaingia, mlinzi akaanza kuuma watu. Baada ya 1868 serikali mpya ikataka ranchi za farasi na ng'ombe kule Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, ikamwajiri Mmarekani, Edwin Dun, aliyetega nyama yenye sumu ya striknini. Wa Hokkaido wakaisha. Wa mwisho kujulikana kwenye kisiwa kikuu aliuawa 1905. Leo paa wamejaa, na wakulima wanalia.

Ulaya wanamlinda au wanamuua? Sielewi. (Msomaji, Nairobi)

Yote mawili. Alilindwa, akaongezeka, akarudi Ujerumani kuzaa mwaka 2000. Septemba 2022 mmoja akamuua farasi mdogo wa Ursula von der Leyen, mkuu wa Tume ya Ulaya, na mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ukalegeza ulinzi wake. Wengine husema ni kisasi. Wafugaji husema walikuwa wakilia miaka mingi bila kusikilizwa. Mmasai aliyepoteza ng'ombe kwa simba, huku mgeni akipiga picha, angewaelewa.

Afrika hayupo kabisa? (Msomaji, Arusha)

Wa kijivu hayupo, ndugu zake wapo. Ethiopia wako wekundu wala-panya wa milima ya Bale, hawafiki 500 waliokomaa, na kinachowamaliza ni magonjwa ya mbwa wa wafugaji. Na wewe wa Arusha unaye jirani: yule aliyeitwa mbweha wa dhahabu pale Serengeti, uchunguzi wa vinasaba wa 2015 ulionyesha kuwa yuko karibu zaidi na mbwa mwitu kuliko na mbweha. Waongozaji wengi bado wanamwita mbweha.