Sendofu tarehe 21 Mei?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama vijana wa leo wanajali kumbukumbu za majanga ya kitaifa. Vijana watajijibia wenyewe. Linalonikereketa mimi ni jingine: siku ya namna hiyo, mtu anaruhusiwa kucheza muziki?

Kitindamimba wangu anaolewa mwakani. Ukumbi tunaoumudu hapa Bukoba kwa sendofu yake, yaani sherehe ya kumuaga nyumbani, una nafasi Ijumaa moja tu, tarehe 21 Mei. Aliponipigia simu nilisema hapana hata hajamaliza. Yeye kazaliwa 2000. MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria tarehe hiyo hiyo, kwake ni habari ya wazee. Mwaka huu imetimia miaka 30. Mimi nimestaafu ualimu, goti la kushoto limegoma, lakini ile Jumanne ya 1996 haijanitoka.

Dada yangu alipandia Kemondo na mikungu yake ya ndizi, daraja la tatu. Asubuhi meli ikapinduka, Mwanza ikiwa imeshakaribia. Shida yetu ikawa orodha. Abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina, basi hapakuwa na karatasi ya kusema alikuwemo au hakuwemo. Jirani mmoja alimwona akipanda. Mwingine akaapa kwamba kamwona Muleba baadaye, na baba akashikilia neno la huyo. Kaka akazunguka kwa barabara hadi Mwanza, akavuka kwa kivuko cha Busisi, akatazama miili mpaka chakula kikamshinda, akarudi mikono mitupu. Wengi walizikwa Igoma, huko huko Mwanza, na huenda dada yumo.

Baba akakataa matanga. "Nimlilie mtu ambaye hakuna aliyemtaja?" Watu walikuja, akasimama mlangoni akawashukuru na kuwarudisha. Mzee wa jirani akawaambia basi, njooni kwangu. Akatandaza nyasi sebuleni kwake, na matanga ya dada yangu yakakaa nyumba ya pili, sisi tukiyasikia ng'ambo ya uzio. Mama alikuwa anakwenda kwa kisingizio cha kuomba chumvi. Analia huko, ananawa uso, anarudi kupika. Baba anamuuliza chumvi iko wapi. Rais Mkapa alitangaza siku 3 za maombolezo. Zikaisha, bendera zikapandishwa, kwetu msiba haujaanza. Halafu jioni moja baba akavaa koti, akatoka bila kuaga, akaenda kuketi kwenye zile nyasi. Hakuna aliyempa pole. Mtu mmoja alisogea kidogo, akapata pa kukaa. Tulipomwona hivyo, nasi tukaenda.

Jioni ile ilikuwa tarehe ngapi, hakuna aliyeandika. Ndiyo kwanza naliona hili nikiwa naandika: msiba wetu haukufuata tarehe ya serikali tangu mwanzo. Sasa namnyima mtoto ukumbi kwa tarehe ambayo baba yangu mwenyewe aliikataa?

Halafu nikaanza kuhesabu. Tetemeko letu, 10 Septemba 2016. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka pale Ukara, 20 Septemba 2018. Ndege iliyotumbukia ziwani hapa hapa Bukoba, 6 Novemba 2022. Kila tarehe ina wafiwa wake. Tukizifunga zote, watu wa Kagera tutaoza watoto wetu lini? Na Kwaresima nayo ipo, sijaitaja.

Wakwe wanatoka Mwanza. Watakuja kwa gari juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka jana, pale pale kaka alipongojea kivuko. Hawajui lolote, na sioni kwa nini waanze kuambiwa na mimi siku ya sherehe.

Kwa hiyo nimelegea. Sendofu iwe tarehe 21, ila nina masharti. Asubuhi misa ya kuwaombea marehemu, na bibi harusi ahudhurie, asiniletee habari za saluni. MC asiguse habari za meli, si kwa dakika ya ukimya wala kwa utani. Na kaka aulizwe kwanza, maana yeye ndiye aliyetazama miili, si mimi. Akisema hapana, narudi palepale nilipoanzia, kamati itafute ukumbi mwingine, na hela ya nyongeza itoke kwenye kiinua mgongo changu.

Mama wa bibi harusi, Kashai, Bukoba