Asaimenti ya drama za mashoga na Ukimwi: acha kuhesabu sura, mfuate mtu kwao

Nyie mnaoanza kozi za drama na filamu, hasa mlioenda Uingereza, mjue kabisa kuna wiki mtapewa mada ya drama za marafiki mashoga kipindi cha Ukimwi na mtaambiwa muandike kuhusu uwakilishi, na wengi mtaanza kuhesabu. Mweusi yupo, Mhindi yupo, mwanamke yupo, haya mchanganyiko upo, kazi imeisha. Hapo hujasema kitu aisee, na mwalimu keshasoma insha za hivyo mpaka kachoka.

Mi huwa nawaambia wapya waanze na It's a Sin, drama ya TV aliyoiandika Russell T Davies, ilitoka Channel 4 ya Uingereza Januari 2021, episodi tano, inahusu marafiki wanaokaa nyumba moja London kuanzia 1981 mpaka 1991. Ukihesabu inafaulu vizuri tu: Ritchie katoka kisiwa cha Isle of Wight, Colin katoka Wales, Roscoe wa familia ya Kinigeria, Ash ana asili ya India, halafu Jill, dada mweusi anayeibeba nyumba nzima. Na nafasi za mashoga wamepewa waigizaji mashoga, Davies alisema wazi kwamba ndo alivyotaka, kwahiyo hata hapo kuna kitu cha kuandika.

Sasa mfuate kila mmoja mpaka kwao. Ritchie tunawajua mama na baba, episodi ya mwisho inatupeleka mpaka chumbani kwake alikokulia. Colin mama yake tunamuona akimuuguza. Roscoe familia inamuombea na kupanga kumrudisha Nigeria, yeye anatokea na kisketi chake anawaaga anaondoka zake (sini tamu sana ile), na baadaye baba anakuja kuomba msamaha. Ash je? Kwao wapi, mama yake alisemaje siku alipojua? Hamna. Ash kapewa sini ya shuleni, wakati wa Section 28 ya mwaka 1988, ile sheria iliyokataza halmashauri kile ilichokiita kutangaza ushoga, anaambiwa apekue maktaba atafute vitabu vya hivyo, anapekua yote hakuna hata kimoja cha kuondoa, anakuja kutuhadithia. Maneno yanachoma kweli lakini ni hotuba, kijana mwenyewe bado hatumjui.

Jill ndo pa kukaa zaidi. Ametokana na mtu wa kweli, Jill Nalder, rafiki yake Davies, mama wa kizungu, na kwenye drama hiyohiyo Nalder ndo anaigiza mama yake Jill. Jill mwenyewe kapewa Lydia West, ambaye ni mweusi. Jill anauguza, anaandamana, anakaa na wagonjwa wasio na mtu, ila mapenzi yake yeye, hamu zake, hasira zake zisizohusu wengine, ni kidogo mno, na wakosoaji walilisema hilo mapema. Ukibadilisha rangi ya mhusika ukaacha skripti ilivyo, maana inabadilika yenyewe hata kama mwandishi hakukusudia, kwa sababu mwanamke mweusi anayeuguza vijana ambao wengi ni wazungu anaingia na historia ndefu nyuma yake. Mi simaanishi wangemnyima nafasi, kwangu Lydia West ndo roho ya kazi ile. Andika yote mawili, usiogope.

Na wala haikuanza hapo. Angels in America, tamthilia ya Kimarekani ya Tony Kushner iliyopata tuzo ya Pulitzer 1993, ina Belize, nesi mweusi, mwenye akili na mdomo kuliko karibu wote jukwaani, anataja kwamba ana mwanaume wake, unasubiri umuone, humuoni ng'o, yeye yuko kazini tu kwenye vitanda vya wengine. Weka hilo pembeni ya takwimu za Marekani zenyewe: ripoti ya CDC, taasisi ya serikali yao ya kudhibiti magonjwa, ya Oktoba 1986 ilionyesha weusi ni asilimia 25 ya wagonjwa wa Ukimwi wakati ni kama asilimia 12 ya watu wote nchini. Kwahiyo ukiona jukwaani mweusi ndo nesi na mzungu ndo mgonjwa, huo ni uchaguzi wa mwandishi, uuulize maswali.

Kitu kingine kwa sisi wa huku Tanzania. Tumekua na Ukimwi wa Kagera 1983, wajane, yatima, bibi analea wajukuu, na ni rahisi insha yako ikahamia huko bila wewe kushtuka. Usihame. Hapo London ishu ni vijana waliokimbia kwao, au kuwaficha wazazi kwamba ni mashoga, ndo maana rafiki anageuka ndugu na siku ya kifo familia inakuja kumchukua mtoto, rafiki anabaki mlangoni. Bila hilo huwezi kuelewa kwanini nauliza kwao Ash ni wapi.

Ukitaka kumtetea Davies, sema muda wa kusimulia ulikuwa mdogo: ameshaeleza kwamba alitaka episodi nane akaishia na tano. Hoja nzuri, ila jiulize pia zikikatwa anayepungua ni nani kwanza, maana Ritchie hakupungua.

Na kama umepewa maneno elfu mbili chukua wahusika wawili tu, Ash na Jill wanakutosha kabisa. Roscoe muache, huyo kila mtu anamuandika.